Skana ya Negativu za Nyumbani: Hesabu Kwanza, Lipa Baadaye

Leo tunazungumzia kitu ambacho wateja wengi hukifikiria wakati wameshachelewa: picha za zamani.

Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni, juu ya kabati au chini ya kitanda, kuna boksi la viatu lenye bahasha za studio. Ndani kuna picha za karatasi na vile vipande vya filamu tunavyoviita negativu. Boksi hilo hukaa tu mpaka siku ya msiba, familia inapotafuta picha ya susu akiwa msichana ili iwekwe kwenye kijitabu cha mazishi. Hapo ndipo inajulikana kwamba picha yenyewe iliazimwa na haikurudi. Kilichobaki ni negativu.

Habari njema ni kwamba negativu ndiyo asili ya picha. Ukiipitisha kwenye skana inayofaa, unaweza kupata picha safi kuliko hata ile ya karatasi iliyopotea. Habari isiyo njema ni kwamba skana nyingi zinazotangazwa mtandaoni haziwezi kusoma negativu kabisa, na bei yake siyo mchezo. Kwa hivyo kabla hujafungua menyu ya kutuma pesa, soma hatua hizi.

Hatua ya 1: Pima na uhesabu ulicho nacho

Chukua rula na ushike negativu kwenye kingo zake, usiguse katikati. Pima upana wake.

Kama ina upana wa milimita 35 na ina matundu madogo pande zote mbili, hiyo ni filamu ya 35mm. Ndiyo ya kawaida, na kila fremu ina milimita 24 kwa 36. Kama ina upana kama huo lakini tundu ni moja tu kwa kila picha, na picha yenyewe ni ya mraba, hiyo ni 126, iliyotumiwa kwenye kamera rahisi za nyumbani. Kama ni nyembamba sana, milimita 16 hivi, ni 110. Na kama ni pana, karibu sentimita 6, bila tundu lolote, hiyo ni 120. Hii ilipendwa na studio zilizotumia zile kamera za kutazamia kwa juu, kama Yashica na Rolleiflex. Picha za watu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa mara nyingi zilipigwa kwa filamu ya aina hii.

Sasa hesabu fremu. Usikadirie. Washa taa ya simu, weka karatasi nyeupe mbele yake, kisha pitisha negativu moja moja. Utagundua nyingine hazina sura ya mtu, nyingine zilitikisika, na nyingine ni picha ileile imepigwa mara nne. Andika mbili: ngapi ziko, na ngapi kweli unazitaka.

Andika pia kilichoandikwa kwenye bahasha. Kumbuka kwamba wilaya ya Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Bahasha ya zamani iliyoandikwa "Machakos" inaweza kuwa na picha iliyopigwa Wote au Kibwezi. Muulize mzee wa familia mapema, angali anakumbuka sura na majina.

Na jambo moja muhimu: kama ulicho nacho ni picha za karatasi peke yake, somo lako ni fupi. Huhitaji skana ya negativu. Skana ya kawaida ya makaratasi inatosha, hata ile iliyo juu ya printa ya saiba ya mtaani. Iambie iskani kwa dpi 600, na picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa pikseli 2,400 kwa 3,600. Hapo umeokoa pesa nyingi.

Hatua ya 2: Usinunue tarakimu, nunua picha unayoihitaji

Wauzaji hupenda kutaja dpi, yaani skana inasoma nukta ngapi kwa kila inchi. Ukiona 6,400 au 7,200 unaweza kudhani hiyo ndiyo bora. Tufanye hesabu.

Fremu ya 35mm ikiskaniwa kwa dpi 1,200 inakupa kama pikseli 1,700 kwa 1,130. Hiyo inatosha kwa WhatsApp na kwa picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6. Ikiskaniwa kwa dpi 2,400 inakupa kama 3,400 kwa 2,270. Hiyo inatosha picha inayokaribia ukubwa wa A4, ile ya kuweka kwenye fremu ukutani. Familia nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Negativu ya 120 ni kubwa zaidi, kwa hivyo inahitaji dpi ndogo. Kwa dpi 1,200 tu unapata kama pikseli 2,600 kila upande. Ndiyo maana skana ya bei ya kadiri inaweza kukupa picha nzuri sana kutoka kwa negativu ya studio.

Ujue pia kwamba tarakimu ya kwenye boksi siyo uwezo wa kweli. Epson Perfection V600 imeandikwa 6,400, lakini vipimo huru vimeonyesha inafikia kama robo ya hiyo. Plustek OpticFilm 8100 imeandikwa 7,200 na inafikia karibu nusu. Zote mbili bado ni skana nzuri. Ila usiongeze elfu kumi kwa sababu ya tarakimu ambayo macho yako hayataiona.

Hatua ya 3: Zijue njia nne

Njia ya kwanza ni simu na mwanga. Unahitaji mwanga mweupe uliotulia, kwa mfano skrini ya tableti iliyofunguliwa ukurasa mweupe, na kitu cha kuinua negativu sentimita chache juu ya skrini ili nukta za skrini zisionekane kwenye picha. Zima taa za chumba, piga picha ukiwa umeiweka simu juu ya kitu imara, kisha tumia programu ya kugeuza rangi. Negativu nyeusi na nyeupe hutoka vizuri. Za rangi ni ngumu kidogo, kwa sababu zina utando wa rangi ya chungwa, na ukizigeuza hivihivi picha inatoka ya buluu. Itabidi usawazishe rangi. Njia hii haikugharimu karibu chochote. Ianze hata kama unapanga kununua skana, maana itakusaidia kuchagua fremu za maana.

Njia ya pili ni kisanduku kidogo chenye skrini yake, kama Kodak Scanza au Kodak Slide N Scan. Ndani yake kuna kamera. Unapitisha negativu, unabonyeza, picha inaingia kwenye memori kadi. Hakihitaji kompyuta, na kazi inaenda haraka. Kasoro ni mbili: hakichukui negativu kubwa za 120, na sehemu zenye mwanga mkali au giza nene hupoteza undani. Ukiona kimeandikwa megapikseli 22, fahamu kwamba kwa Scanza kamera yenyewe ni 14, na hiyo nyingine ni picha iliyokuzwa.

Njia ya tatu ni skana bapa yenye taa kwenye kifuniko, kama Epson Perfection V600 au Canon CanoScan 9000F. Hapa ndipo watu hupotea. Negativu inahitaji mwanga upite katikati yake, kwa hivyo lazima kuwe na taa ya pili juu. Skana kama Canon LiDE 300 au Epson Perfection V39 ni bapa pia, na bei yake inavutia, lakini hazina hiyo taa. Ni za karatasi. Ukiweka negativu utapata kipande cheusi tu. Skana kama V600 inachukua 35mm na 120, na inaskani picha za karatasi pia. Kwa boksi lililochanganyika, hii ndiyo inayofaa watu wengi.

Njia ya nne ni skana ya 35mm peke yake, kama hiyo Plustek. Inatoa undani zaidi kwa 35mm, lakini ni fremu moja kwa wakati, inahitaji kompyuta, na haisaidii chochote kwa 120 wala kwa picha za karatasi.

Baadhi ya skana zina uwezo wa kufuta vumbi kwa kutumia mwanga usioonekana kwa macho. Ni kitu kizuri kwa filamu ya rangi. Kwa filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe haufanyi kazi, kwa sababu chembe za fedha zilizo ndani ya filamu huzuia mwanga huo. Kama boksi lako lote ni nyeusi na nyeupe, usilipie uwezo huo.

Hatua ya 4: Nunua, lipia kazi, au changa?

Hapa tuweke tarakimu za mfano. Siyo bei ya duka lolote. Wewe weka zako.

Tuseme umepata skana ya mtumba kwa shilingi 25,000. Na tuseme kuna mtu mjini anayeskani negativu kwa shilingi 50 kila fremu. Gawanya: 25,000 kwa 50 ni fremu 500. Chini ya fremu 500, kulipia kazi ni rahisi kuliko kununua. Juu ya hapo, skana inaanza kujilipa.

Chukua familia yenye negativu 240 ambayo baada ya kuchagua imebaki na 60. Kulipia kazi ni shilingi 3,000. Wakinunua skana, kila fremu itawagharimu zaidi ya shilingi 400. Hapo jibu liko wazi.

Usisahau muda wako. Ukihesabu dakika 3 kwa kila fremu, pamoja na kupuliza vumbi na kuandika jina la faili, fremu 600 ni dakika 1,800, yaani saa 30. Kama huna hizo saa, skana itakaa kabatini kando ya boksi.

Kuna njia ya katikati: kuchanga. Familia kumi au chama cha watu kumi, kila mmoja shilingi 2,500, skana inanunuliwa na inazunguka nyumba hadi nyumba. Kubalianeni mapema nani anaiweka, nani anaitengeneza ikiharibika, na mkimaliza itauzwa au itakodishwa. Michango ipitie kwenye akaunti ya chama, siyo simu ya mtu mmoja, ili kila mtu aone kilichoingia na kilichotoka.

Na kama wewe ni mpiga picha wa zamani, au umerithi studio yenye maelfu ya negativu, hesabu yako ni tofauti. Tuseme mteja analipa shilingi 200 kwa picha moja iliyookolewa. Picha 125 zinarudisha ile 25,000. Ila kumbuka kuna sheria ya kulinda data ya watu ya mwaka 2019. Kabla hujaweka picha ya harusi ya mtu au ya ntheo ya familia kwenye ukurasa wa biashara yako, omba ruhusa.

Hatua ya 5: Ukinunua ya mtumba, uliza haya

Skana nyingi za negativu utakazozipata ni za mtumba. Kitu kinachokosekana mara nyingi siyo mashine yenyewe, ni vishikio vya plastiki vya kupangia filamu. Bila hivyo negativu inajikunja na picha inatoka na ukungu. Uliza pia kuhusu waya wa stima, na kama programu yake inakubali kompyuta uliyo nayo. Skana ya zamani ikikataa kompyuta mpya, kuna programu ya VueScan inayoendesha skana nyingi za zamani, lakini inalipiwa. Iweke kwenye bajeti.

Mazungumzo yako na muuzaji yanaweza kwenda hivi:

"Habari ya leo, boss. Hiyo skana ya Epson bado iko?"

"Iko, madam. Iko safi kabisa."

"Vishikio vya filamu viko vyote?"

"Hapo sijui. Mimi nimeitumia kwa makaratasi tu."

"Basi naomba unipigie picha kifuniko kikiwa wazi, umetoa ule mkeka mweupe wa ndani, na vishikio viwe juu ya kioo."

"Sawa. Lakini tuma elfu tatu kwanza nikuwekee, kuna mtu mwingine anaitaka."

"Asante, boss. Nitakuja Jumamosi na negativu yangu. Ikifanya kazi nalipa yote hapo hapo. Huyo mwingine akiniwahi, ni riziki yake."

Jifunze hilo jibu la mwisho. Mteja mwingine huyo huwa yuko kila mara.

Ukifika, beba negativu yako mwenyewe na, ukiweza, laptopu. Skani fremu moja mpaka mwisho. Angalia kama kuna mstari unaokata picha yote kutoka juu hadi chini. Huo ni uchafu au hitilafu kwenye jicho la skana. Angalia chini ya kioo kama kuna ukungu. Kisha ndiyo uzungumzie bei.

Hatua ya 6: Kulipa bila kulia

Kama unanunua dukani, lipa kwa nambari ya till ya duka. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama umeambiwa duka ni la jina fulani na unaona jina la mtu usiyemjua, simama na uulize. Kwa kawaida mnunuzi halipi ada kwenye till ya bidhaa. Kwa njia nyingine angalia ada kwanza, hasa pesa ikiwa nyingi.

Kama skana inatoka Nairobi na itasafirishwa kama mzigo kwa matatu hadi Kitui, Mwingi au Wote, jaribu kukubaliana ulipe ukipokea. Kama muuzaji hakubali, mtafute ndugu au rafiki aliye Nairobi aende kuiona, wewe ulipe akiwa amesimama pale. Nauli ya rafiki ni ndogo kuliko skana hewa.

Ukiagiza kutoka nje ya nchi, bei ya kwenye skrini siyo bei ya mlangoni. Kuna usafiri, kuna VAT ya asilimia 16, na tozo nyingine za forodha. Uliza jumla kabla ya kulipa.

Weka ujumbe wa malipo mpaka uhakikishe mashine inafanya kazi. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo; pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi ngumu. Na hakuna mfanyakazi wa kweli atakayekuomba PIN, hata akikuita kwa jina lako lote.

Hatua ya 7: Vumbi, joto na mchwa

Sehemu zetu zina vumbi, na vumbi dogo kwenye negativu linakuwa doa kubwa kwenye picha. Skani asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, madirisha yakiwa yamefungwa. Tumia kipuliza cha mpira. Usipanguse kwa shati, na usipulize kwa mdomo, mate hayatoki.

Ukifungua boksi ukasikia harufu kama ya siki, filamu imeanza kuoza yenyewe. Joto na unyevu huharakisha. Tenga hizo na uziskani kwanza, kwa sababu hazitasubiri. Zilizobaki zitoe kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni, ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya bati lenye mfuniko, mbali na sakafu na mbali na paa la mabati. Mchwa hupenda maboksi ya karatasi.

Fremu za thamani zihifadhi kama TIFF. Fremu moja ya 35mm kwa dpi 2,400 inachukua kama MB 23, kwa hivyo fremu 1,000 ni kama GB 23, zinaingia kwenye flashi ya GB 32. Weka nakala ya pili kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Za kutuma, tengeneza JPEG, na kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, siyo kama picha, ili zisipunguzwe ubora. Na negativu zenyewe usitupe. Faili inaweza kupotea siku simu inapoanguka majini.

Kazi ya wiki hii

Usinunue chochote bado. Toa boksi, pima upana wa filamu, hesabu fremu, chagua zile unazozitaka, na ujaribu tatu kwa simu. Ukimaliza utakuwa na majibu manne: aina ya filamu, idadi, matumizi, na kama kuna zinazonuka siki. Kwa majibu hayo, muuzaji akikutajia dpi 7,200 utajua la kumwuliza.